Nani Apepete? Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Wingi wa Taarifa katika Nchi ya Kinyaga

Wingi wa taarifa uliopita kiasi ni hali ya mtu kuwekewa mbele yake habari nyingi kuliko muda na akili yake vinavyoweza kuzimudu, hata uamuzi wake, uliotarajiwa kuimarika kwa kuwa amejua mengi, ukadhoofika kwa sababu hiyo hiyo. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hali hii huelezwa mara nyingi kuwa tatizo la kiufundi lililoingia pamoja na intaneti, na kipimo chake huwa ni idadi ya kurasa, jumbe na saa ambazo mwanafunzi humaliza mbele ya simu janja. Historia ya elimu katika vilima vya kusini-magharibi mwa Rwanda, ulipo murenge wa Nkungu, inatoa maelezo mengine. Habari zilizokuwepo duniani zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa kijana mmoja wa vilima hivyo hata kabla ya kuwapo kwa waya wa simu. Kilichomkinga ni kwamba kila zama zilikuwa na mtu au taasisi iliyopepeta kwanza, ikatenga ilichokiona kuwa punje na ilichokiona kuwa makapi, kisha ikampa sehemu tu ya kilichobaki. Intaneti iliongeza nafaka, na hilo halina ubishi, lakini jambo zito zaidi ililolifanya ni kuuondoa ungo mikononi mwa waliouzoea na kumkabidhi mwanafunzi ambaye hakuna aliyemfundisha kupepeta.

Nchi na lugha zake

Nkungu ni mmojawapo wa mirenge 18 inayounda wilaya ya Rusizi katika Jimbo la Magharibi. Murenge, kutoka neno la Kinyarwanda umurenge, ni ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya na juu ya akagari, ambayo nayo hukusanya vijiji kadhaa. Mageuzi ya mwaka 2006 yaliigawa Rwanda nzima katika mirenge 416, yakaufuta mkoa wa zamani wa Cyangugu, na eneo la mkoa huo likagawanyika kati ya wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Kabla ya majina hayo yote ya kiutawala, nchi hiyo iliitwa Kinyaga. Kwa upande wa magharibi imepakana na Ziwa Kivu na Mto Rusizi, ambao hutoka ziwani na kuitenganisha Rwanda na Kongo, na kwa upande wa mashariki imezibwa na msitu mkubwa wa Nyungwe, kiasi kwamba kwa karne nyingi ilikuwa rahisi zaidi kwa mkazi wake kufika ng'ambo ya maji kuliko kufika katikati ya ufalme wa Rwanda. Mwanahistoria Catharine Newbury, katika utafiti wake kuhusu Kinyaga uliochapishwa mwaka 1988, alionyesha kwamba mamlaka ya ikulu ya mwami, yaani mfalme wa Rwanda, yalikaza mizizi huko hasa katika utawala wa Kigeri IV Rwabugiri, katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Mahali hapo mpakani palileta pia mchanganyiko wa lugha ambao una uzito wake katika historia hii. Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani. Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na ya mpaka, kikisikika zaidi Kamembe, mji unaotazamana na Bukavu, na katika bonde la Bugarama. Kifaransa kililetwa na shule za wamisionari na za utawala wa Kibelgiji. Na Kiingereza kimekuwa lugha ya darasani katika miaka ya karibuni. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lake likapitisha sheria iliyokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hivyo kijana wa Nkungu anayefika chuo kikuu amekwisha kuzoea tangu utotoni kwamba habari humjia kwa lugha zaidi ya moja, ingawa si zote anazozisoma kwa wepesi ule ule.

Waliokabidhiwa kujua

Katika Rwanda ya kale elimu ya juu kabisa ilikuwa ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme zilizoeleza namna ya kumtawaza mwami, kuzika mfalme aliyekufa, kuomba mvua na kuandaa vita. Kanuni hizo hazikuandikwa. Zilihifadhiwa kwa kichwa na abiru, maofisa wa ikulu waliorithishana kazi hiyo katika koo maalumu, na zilipangwa katika sehemu zilizoitwa inzira, maana yake njia, ambazo mwiru, yaani mmoja wa abiru, alitakiwa kuzikariri bila kubadili neno. Si kila mwiru aliyefundishwa njia zote; wengi walibeba sehemu yao tu, na ukamilifu wa elimu hiyo ulipatikana pale walipokutana. Siri hizo zilianza kuwekwa katika maandishi na padri na mwanahistoria Alexis Kagame katika miaka ya 1940 kwa idhini ya mwami Mutara Rudahigwa, na zikachapishwa mwaka 1964 na watafiti Marcel d'Hertefelt na André Coupez. Lengo la siri hiyo lilikuwa la kisiasa, kwani ililinda kiti cha enzi, lakini ilikuwa na tokeo jingine ambalo halikukusudiwa: hakuna kichwa kimoja kilicholazimishwa kubeba yote. Mbali na ikulu, watu wa kawaida walikuwa na igitaramo, yaani kikao cha jioni cha masimulizi, methali na nyimbo, ambacho wazee walikiongoza na ambamo mtoto alisikia kisa kile kile mara nyingi mpaka kikamkaa. Aliyosikia hayakuwa mengi, lakini yalirudiwa, na kurudia ndiko kulikomsaidia kuyahifadhi.

Maandishi yaliingia Kinyaga mapema kuliko sehemu nyingi za Rwanda, kwa sababu ilikuwa mlango wa magharibi. Wajerumani waliweka kituo Shangi, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 1898, na mwaka 1903 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama Mapadri Weupe, wakafungua misheni ya Mibirizi katika vilima ambavyo leo vimo ndani ya wilaya ya Rusizi. Mibirizi inakumbukwa na wakulima kwa sababu ya kahawa, kwani aina moja ya mbuni iliyosambaa nchini imebeba jina lake. Kwa historia ya usomaji inapasa kukumbukwa kwa sababu ya ukatekumeni. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa ameagiza kwamba anayetaka kubatizwa apitie miaka 4 ya mafundisho kwa ngazi, na kwamba mafundisho ya ngazi ya juu yasifunuliwe kwa aliye ngazi ya chini. Katekista alikuwa na kitabu kidogo cha maswali na majibu. Mkatekumeni alikuwa na masikio yake na kumbukumbu yake, na baadaye, alipojua kusoma, alikuwa na kitabu hicho hicho. Gazeti la Kinyamateka, lililoanza kuchapishwa na misheni ya Kabgayi kwa Kinyarwanda mwaka 1933, lilipanua uwanja wa kusoma bila kuubadili msingi huo, kwa kuwa mhariri ndiye aliyeamua ni lipi kati ya mambo ya dunia linalofaa kumfikia msomaji wa kilimani.

Silabasi na redio

Elimu ya baada ya shule ya msingi ilikuja polepole, na ilikuja mbali. Groupe Scolaire ya Astrida, mji ulioitwa Butare baadaye na Huye siku hizi, ilianzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1929 ili kutayarisha makarani, matabibu wasaidizi na watoto wa machifu kwa kazi za utawala. Mtoto wa Kinyaga aliyechaguliwa kwenda huko alilazimika kuvuka msitu wa Nyungwe, na wengi wa rika lake walibaki nyumbani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilifunguliwa katika mji huo huo mwezi Novemba 1963, kikiongozwa na Georges-Henri Lévesque, padri wa Kidominiko kutoka Kanada, kikiwa na wanafunzi 51 na walimu 16. Upande wa pili wa mpaka, Bukavu, mji wa jirani zaidi kwa watu wa Rusizi kuliko Butare, ulipata Chuo cha Juu cha Ualimu mwaka 1961.

Katika vyuo hivyo chombo kikuu cha kusomea kilikuwa silabasi. Neno hilo, katika vyuo vya Rwanda na Kongo vilivyofuata desturi ya Kibelgiji na Kifaransa, halina maana ya muhtasari wa somo peke yake, bali humaanisha kijitabu cha maelezo ya mhadhiri kilichopigwa chapa, kikarudufiwa na kugawiwa au kuuzwa kwa wanafunzi. Ndani yake mhadhiri alikuwa amekwisha kusoma vitabu ambavyo maktaba haikuwa navyo, ameteua, amefupisha na amepanga. Mwanafunzi alichotakiwa ni kuyajua yaliyomo na kuyarudisha siku ya mtihani. Mfumo huo umelaumiwa kwa haki, kwa kuwa ulizalisha wahitimu wengi waliojua kitabu cha mtu mmoja, na mhadhiri aliyechoka aliweza kutumia kijitabu kile kile mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo ulitimiza kazi ambayo haikupewa jina wakati huo: ulimwambia mwanafunzi mahali ambapo somo linaanza na mahali ambapo linaishia, na ukamwezesha kulala usiku akijua amemaliza.

Redio ilifanya kazi kama hiyo kwa wale ambao hawakufika chuoni. Radio Rwanda ilianza mwaka 1961, na kwa miongo mitatu sauti moja ya serikali ndiyo iliyosambaza habari mpaka kwenye vijumba vya vilimani. Hatari ya kumwachia mpepetaji mmoja ungo wote ilionekana wazi katika miaka ya 1990. Kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kutangaza mwezi Julai 1993, kilieneza chuki na kuwachochea wauaji katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Ferdinand Nahimana, mwanahistoria aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa, ambaye alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha mwaka 2003. Tukio hilo linamzuia mwanahistoria yeyote kuzitamani zama za habari chache kana kwamba zilikuwa zama za usalama. Aliyechujiwa habari aliponea mzigo wa kuchagua, lakini aliuweka moyo wake mikononi mwa mchujaji, na mchujaji aliweza kuwa mwalimu mwema au muuaji mwenye shahada.

Kufunguka kwa milango

Chuo Kikuu cha Taifa kilifungwa mwaka 1994 kikiwa kimeporwa na kimepoteza wengi wa watu wake, kikafunguliwa tena mwezi Aprili 1995. Taifa lililolazimika kujenga upya kila kitu liliamua kujenga juu ya teknolojia ya habari na mawasiliano, inayofupishwa kwa Kiswahili kuwa TEHAMA. Dira ya 2020, iliyotolewa mwaka 2000, ilitaja uchumi unaosimama juu ya maarifa kuwa ndilo lengo la nchi isiyo na bandari wala madini mengi, na mpango wa kwanza wa miundombinu ya habari ulitekelezwa kati ya mwaka 2001 na 2005. Kigali ilipata chuo cha sayansi na teknolojia mwaka 1997, na kampuni ya kwanza ya simu za mkononi mwaka 1998.

Katika hatua hiyo ya kwanza muunganisho ulipitia setilaiti, nao ulikuwa ghali na wa polepole. Aliyeingia katika mgahawa wa intaneti alilipia kwa dakika, kwa hiyo ilimfaa aingie akiwa ameandika swali lake katika karatasi, alitafute, anakili jibu na atoke. Ughali wenyewe ulikuwa ungo: haukuchagua lililo bora, lakini ulimlazimisha msomaji kujua anachokitaka kabla ya kuanza kukitafuta. Wakati huo huo, mwezi Januari 2002, Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, uliovipa vyuo na hospitali za nchi maskini, Rwanda ikiwa mojawapo, ruhusa ya kusoma bila malipo majarida ya tiba yapatayo 1,500. Kwa chuo ambacho maktaba yake ilikuwa na mashimo katika kila rafu, hatua hiyo ilikuwa baraka isiyopingika. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa mwanafunzi wa tiba wa Butare kuwa na makala mengi kuliko ambayo mhadhiri wake angeweza kuyasoma na kumteulia.

Mabadiliko ya kasi yalikuja kutoka baharini. Mkongo wa SEACOM, yaani kebo ya nyuzi za kioo iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, ulifika Afrika Mashariki mwezi Julai 2009, ukifuatwa na mingine, na Rwanda ikatandaza mkongo wake wa ndani wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000, uliokamilika karibu na mwanzo wa mwaka 2011 na kufika mipakani, Rusizi ikiwa mojawapo. Mtandao wa kizazi cha nne ulizinduliwa mwezi Novemba 2014. Mwaka 2013 vyuo saba vya serikali viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, ambacho kilikuja kuwa na kampasi hata Rusizi, na mafunzo yake yakazidi kuwekwa katika jukwaa la mtandaoni. Mwezi Machi 2020, janga la korona lilipofunga vyuo vyote nchini, mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kilimani alitakiwa kuendelea na masomo kwa bando la simu, huku Shirika la Afya Duniani likiwa limekwisha kuonya tangu mwezi Februari kwamba gonjwa hilo limeambatana na mlipuko wa habari, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika.

Katikati ya mfuatano huo kuna tarehe moja ambayo haihusu nyaya, nayo imeathiri usomaji kuliko nyaya nyingi. Mwezi Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika shule, mahali pa Kifaransa. Kizazi kilichoanza shule kwa lugha moja kiliingia chuoni kwa lugha nyingine, kikiwa na walimu wengi waliokuwa wakijifunza lugha hiyo pamoja na wanafunzi wao, na rafu za maktaba zikiwa bado na vitabu vya Kifaransa. Wingi wa taarifa haupimwi kwa kurasa pekee, bali kwa kurasa zikilinganishwa na kasi ya msomaji. Mtu anayesoma lugha ya tatu au ya nne hufikia kikomo cha uwezo wake mapema kuliko mwenzake aliyezaliwa nayo, hata kama wote wawili wamefungua ukurasa ule ule. Ndiyo maana kipimo cha kufurikiwa kilichopatikana Marekani au Uingereza hakiwezi kuhamishiwa Rusizi bila marekebisho.

Lalamiko la kale lenye jina jipya

Jina la hali hii ni changa kuliko hali yenyewe. Bertram Gross, mtaalamu wa uongozi wa Marekani, alilitumia mwaka 1964, na Alvin Toffler akalieneza kwa wasomaji wengi katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mshtuko wa mabadiliko ya kasi. Mwaka 1971 Herbert Simon aliweka hoja ambayo bado inawaongoza watafiti: habari hula usikivu wa anayeipokea, kwa hiyo penye habari tele kinachoadimika ni usikivu, na kazi ya chombo kizuri cha habari ni kupunguza kinachomfikia mtu, wala si kuongeza. Simon huyo huyo alikuwa ameeleza mwaka 1956 kwamba binadamu, asipoweza kupima chaguo zote, huchukua la kwanza linalotosha akaridhika nalo. Maelezo hayo yanafafanua vizuri mwenendo wa mwanafunzi anayeandika swali katika injini ya kutafutia, akaletewa matokeo kwa mamilioni, akafungua matatu ya juu na kuliacha fungu lote lililobaki. Wahadhiri huuita mwenendo huo uvivu, ilhali kwa mtazamo wa Simon ni njia ya kujiokoa.

Lakini matokeo matatu ya juu hayakupangwa na upepo. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliyapanga kwa algoriti, yaani mfuatano wa kanuni za hesabu, iliyohesabu ni kurasa ngapi zinazouelekea ukurasa fulani na zina uzito gani. Wazo hilo lilitokana na desturi ya wanasayansi ya kupima makala kwa idadi ya walioyanukuu, ambayo Eugene Garfield aliijengea faharasa mwaka 1964. Kanuni kama hiyo huinua kilichokwisha kujulikana na kuzamisha kisichojulikana. Utafiti wa mmomonyoko wa udongo katika vilima vya Rusizi, ulioandikwa kwa Kifaransa na kuhifadhiwa katika tasnifu iliyosomwa na watu watano, utabaki chini ya maelezo ya jumla yaliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya, hata kama anayeutafuta ameketi juu ya udongo wenyewe. Kwa maana hiyo si sahihi kudai kwamba katika zama za intaneti hakuna mpepetaji. Yupo, ila haonekani, hajui Nkungu iko wapi, na mwanafunzi humchukulia kuwa ni dunia yenyewe inayosema.

Msomi aliyeliona tatizo hili kwa jicho kali zaidi aliishi zamani za miswada ya mkono. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377 huko Afrika Kaskazini, alitenga sura ya kueleza kwamba wingi wa vitabu vilivyotungwa katika kila fani ni kizuizi cha kuifikia elimu, akatoa mfano wa sheria ya madhehebu ya Maliki, ambayo kitabu chake kimoja cha msingi kilikuwa kimerundikiwa sherehe, yaani vitabu vya ufafanuzi, hata umri mzima wa mwanafunzi usitoshe kuzipitia, nazo nyingi zikirudia maana ile ile kwa maneno mengine. Lililo muhimu ni kwamba hakuishia hapo. Sura inayofuata inawashutumu waliodhani dawa ya wingi ni muhtasari. Aliitaja mihtasari ya sheria, ya mantiki na ya sarufi, akimtaja kwa jina Ibn Malik, ambaye mashairi yake ya sarufi yamesomwa hata katika madrasa za pwani ya Afrika Mashariki, na akaeleza kwamba ufupi uliokazwa mno humpa anayeanza matunda ya mwisho kabla hajaiva kuyapokea, kisha humchosha katika kufumbua maneno yaliyobanwa. Umahiri, kwa maoni yake, hujengwa kwa kurudia jambo lililopanuliwa vya kutosha, na kinachorukwa hapo hakirudi.

Maonyo hayo mawili yakisomwa pamoja hueleza historia ya Kinyaga kuliko nadharia nyingi za karne ya 20. Silabasi ya Butare ilikuwa muhtasari wa aina aliyoikemea Ibn Khaldun, na intaneti ya mwaka 2011 ilikuwa rundo la sherehe aliloliogopa. Taifa lilitoka katika kosa moja kwenda katika jingine ndani ya kizazi kimoja. Kisha, mwezi Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, makosa yote mawili yalikutana mahali pamoja. Akili mnemba, yaani mfumo wa kompyuta unaotunga lugha kwa kujifunza kutoka maandishi mengi mno, hulimeza rundo zima na kulitoa likiwa aya tatu. Mwanafunzi hurudishiwa silabasi, nyepesi na yenye mwisho, lakini safari hii haina jina la mhadhiri ambaye anaweza kuulizwa alikosoma jambo hilo, na imetungwa kutoka katika bahari ya maandishi ambamo Kinyarwanda na Kiswahili ni matone.

Kazi ya kupepeta

Wapepetaji wa Kinyaga walihitilafiana kwa mengi, lakini kila mmoja wao, mpaka zama za mhadhiri, alikuwa na jambo ambalo mifumo ya leo haina, nalo ni kujulikana. Mwiru alijulikana ukoo wake, katekista alijulikana misheni yake, mhadhiri aliandika jina lake juu ya kijitabu, na hata mtangazaji wa RTLM alijulikana sauti yake, jambo lililowezesha hatimaye baadhi ya wahusika wa kituo hicho kufikishwa mahakamani. Anayejulikana anaweza kuulizwa, kupingwa na kuwajibishwa. Kwa hiyo ufundi unaomfaa mwanafunzi wa sasa si wa kusoma haraka zaidi, maana hakuna kasi itakayoyashinda matokeo milioni moja, wala si wa kurudishiwa ukuta ulioangushwa. Ni ufundi wa kuuliza, mbele ya kila andiko, ni nani amelichagua likafika hapa na ameacha nini. Swali hilo hufundishika. Hufundishwa pale mhadhiri anapowaonyesha wanafunzi vitabu alivyovikataa na sababu za kuvikataa, badala ya kuwapa orodha ya vile alivyovikubali peke yake, na pale mkutubi anapohesabiwa kuwa mwalimu badala ya mlinzi wa funguo. Utaratibu wa abiru nao una la kufundisha, ukivuliwa siri yake: kundi la wanafunzi linalogawana mada, kila mmoja akabeba njia yake na kuiwasilisha kwa wenzake, hubeba mengi bila yeyote kulemewa.

Mkatekumeni wa Mibirizi alipewa miaka 4 na kitabu kimoja kidogo, naye alifunguliwa ngazi ya pili baada ya kuthibitika kwamba ameipanda ya kwanza. Kijana wa Nkungu anayeanza chuo leo hupewa muda unaokaribia huo, na ngazi zote hufunguliwa siku ile anapoweka bando la kwanza katika simu yake. Mkatekumeni hakuruhusiwa kuuliza ni nini kilichofichwa katika ngazi ya juu. Kijana wa leo hakuna anayemzuia kuuliza lolote, na chuo kinachompokea kitapimwa kwa kile kitakachofanya ili ajue la kuuliza.